Nilimwita Mufupi

Kila mara kapita wenu anawaandikia juu ya kuchelewa na juu ya ufagio. Leo naandika kosa langu mwenyewe.

Likizo kubwa iliyopita nilikuwa kwa mama mudogo, upande wa Kalehe. Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, muganga wa kituo cha afya aliniomba nimsaidie siku ya kilo: yeye anapima watoto, mimi naandika ku fishi. Nilijiona daktari tayari!

Muganga akaitwa ndani kwa mwanamke anayezaa. Papo hapo akafika mama mmoja Mutwa na mutoto wake wa miaka mitatu. Nikampima mwenyewe. Urefu ulikuwa chini kabisa ya mstari, lakini kilo haikuwa mbaya, na uso ulikuwa wa mviringo. Nikaandika: «Mutwa, mufupi kwa asili.» Nikamwambia: «Enda tu, mama, hakuna neno.» Hakujibu. Alimfunga mutoto mgongoni, akatoka.

Muganga aliporudi alisoma fishi, akaniuliza: «Miguu yake uliishika?»

Nilikimbia barabarani kumwita yule mama. Muganga akabonyeza kidole gumba juu ya miguu yote miwili, akahesabu kidogo, akakitoa. Mashimo yalibaki. Ilikuwa bwaki. Ile kilo niliyoisifu ilikuwa maji! Hata bande ya rangi ya kupima mkono, ambayo nyekundu yake ni chini ya santimeta 11,5, haitoshi hapo. Miguu yote miwili ikivimba hivyo, mutoto anatunzwa, bande iseme nini.

Nilijitetea kwamba Batwa ni wafupi kweli. Muganga hakukataa. Na ni kweli kwamba mwaka 2015 watafiti waliofuata watoto wa Wabaka, watu wa msitu wa Kameruni, walionyesha kwamba wanazaliwa na urefu wa kawaida, wanakua polepole miaka miwili ya kwanza, kisha wanaendelea kwa mwendo kama wa wengine. Basi ufupi unaweza kuwa njia ya kukua. Lakini miguu kuvimba si kabila.

Tukamwuliza mama mutoto anakula nini. Bugali ya muhogo, mara moja kwa siku, na sombe bila mafuta. Sambaza za ziwa ziko sokoni, ni za wenye franga. Wazee wake walikula nyama, asali na viazi vya msitu wa Kahuzi. Park iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na Batwa wakatolewa humo bila mashamba. Sasa yeye analima shamba la mwingine, analipwa muhogo. Iko sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inayotambua haki zao juu ya ardhi. Kwenye sufuria yake haijafika.

Mutoto alipelekwa hospitali, akapewa maziwa ya dawa. Nilikwenda kumwona kabla ya kurudi masomoni. Kilo ilikuwa imeshuka, na waganga walifurahi, maana maji yalikuwa yametoka. Wakaniacha niandike. Nilishika miguu kwanza.

Mama yake akaniuliza: «Mwanangu, leo umeandika nini?»

Nikamsomea namba.