Mtoto Hali? Mpe Kitabu Kwanza

Wazazi wa Likoni, tuongee ukweli: kumbana mtoto pua ndio ameze mchicha si malezi, ni vita. Na atakutemea tu.

Mpwa wangu wa miaka miwili alikuwa hagusi kitu ila chipsi na chai. Kliniki wakasema kilo zimeshuka, dada yangu akawa analia jikoni. Mimi nikaanza kumsomea Handa's Surprise, kitabu cha Eileen Browne cha 1994: msichana wa Kenya, kapu kichwani, matunda saba, wanyama wanamuibia moja moja. Tulipofika kwenye pera, akaligusa kwa kidole. Kesho yake nikamletea pera lenyewe kutoka Kongowea. Akalinusa, akaling'ata, akatema. Siku ya nne akameza.

Si uchawi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, nao wameona kwamba mtoto akishaizoea mboga kwenye picha, huwa rahisi kuionja.

Utaniambia vitabu ni ghali. Hadithi za African Storybook ni bure, za Kiswahili zipo, na unasomea kwa simu. Si simu hiyo hiyo unampa atazame katuni akila? Leo msomeeni hadithi.