Nairobi ya Vitabu Haianzii Karen

Wadau, tangu niweke ile video ya matembezi ya Nairobi ya vitabu na filamu, nimeulizwa swali moja mara nyingi: mbona sikufika Karen? Ni swali la haki. Niko nyumbani Kegonga wiki hii, kuna mvua na stima inapotea kila saa, kwa hivyo wacha nijibu vizuri.

Karen kuzuri, sikatai. Nyumba ya Karen Blixen ilijengwa 1912, na tangu 1986 ni makumbusho. Filamu ya Out of Africa ilitoka 1985 ikazoa Oscar 7, na wageni hawajaacha kuja. Lakini wengi hawajui kwamba baadhi ya matukio ya nyumbani yalipigwa katika nyumba yake nyingine, na ile Nairobi ya zamani unayoiona kwenye filamu ni mji wa kuigiza uliojengwa kwa ajili ya kamera. Nairobi yenyewe ilikuwa hapo kando tu, wakaamua kutengeneza nyingine!

Mtu wa Kegonga haingii Nairobi kupitia Karen. Unapanda matatu hadi Migori, jioni unaingia basi, Kisii, Narok, shingo inauma, na kabla ya jua kutoka uko Country Bus unashikilia begi kwa mikono miwili. Nairobi ya vitabu vyangu inaanzia hapo.

Kutoka Country Bus nilitembea hadi stesheni ya zamani ya reli. Hapo ndipo Marjorie Oludhe Macgoye anamshusha Paulina katika Coming to Birth, riwaya ya 1986. Ni mwaka wa 1956, Hali ya Hatari bado iko, Paulina ana miaka 16 na mimba, ametoka Nyanza kumfuata mumewe. Mimba inaharibika, anatibiwa Hospitali ya Pumwani, na akitoka hapo anapotea mjini. Macgoye mwenyewe alizaliwa Southampton, Uingereza, akaja Kenya 1954 na akaolewa kwa Wajaluo. Labda ndiyo maana alijua kupotea kunavyokuwa. Nilikunywa chai ya kibandani na mandazi mawili karibu na stesheni, nikifikiria vile Paulina alizunguka bila hata mtu wa kumuuliza njia. Chai ilikuwa na sukari nyingi. Nilimaliza yote.

Halafu River Road. Going Down River Road ya Meja Mwangi ilitoka 1976, na ni stori ya Ben na Ocholla, vibarua wanaojenga jumba la ghorofa 24 ambalo hawatawahi kulala ndani yake. Ukipita huko leo saa sita mchana utawaona, wana vumbi la simiti mpaka kwenye kope, wamekaa juu ya mawe wakila chapo madondo. Na pia ni mitaa ya Mwas wa Nairobi Half Life, filamu ya 2012 ya Tosh Gitonga: kijana wa kijijini anayetaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku ya kwanza tu mjini. Niliitazama nikiwa fomu tatu tukacheka sana. Miaka miwili baadaye nilisimama River Road na mfuko wa suruali umechanwa kwa wembe, simu imeenda. Hapo sikucheka.

Sasa hii ndiyo sehemu sikuiweka kwenye video.

Kuna kichochoro kimoja huko nyuma ambapo mama mmoja anauza githeri na supu ya miguu. Nilipokuwa chuo na pesa ya nyumbani imechelewa, alikuwa ananipakulia na kuandika kwenye daftari. Hakuniuliza kitambulisho. Aliniita "wewe wa Migori" na alikuwa anaongeza parachichi bila kulihesabu. Muhula nilioacha masomo niliondoka bila kumuaga, kwa sababu ningemuaga ningelipa, na sikuwa na kitu. Nikapita mbali na hicho kichochoro karibu mwaka mzima. Unaweza kuzunguka mji mkubwa hivi kwa kukwepa mama mmoja.

Safari hii nilirudi na kamera, nikajifanya niko kazini. Aliniangalia, akainama chini ya meza, akatoa daftari, lile lile, limelowa mafuta kwenye kona. Shilingi 340. Tarehe zote ziko, na mahali pa jina ameandika tu "Migori". Nikatuma M-Pesa mikono ikitetemeka, nikaongeza kidogo. Akasoma meseji, akanirudishia kile nilichoongeza kwa noti. "Deni ni deni, mwanangu, usiniletee hesabu ya aibu." Kisha akanipakulia. Alikataa sura yake ionekane, akakubali nipige mikono tu.

Kwa hivyo wale mlioniuliza ile mikono ya mwisho inayopakua githeri ni ya nani, ndiyo hiyo.

Jana usiku nilimwonyesha mama hiyo video tukila ugali wa wimbi na muhogo. Stesheni na River Road hakuzitilia maanani, na Paulina hamjui. Ilipofika ile mikono akaniambia nirudishe nyuma. Akaangalia mara mbili.

"Huyu ndiye alikuwa anakulisha?"

Nikamwambia ndiye. Sikuwahi kumwambia hayo mambo, lakini mama ni mama.

Asubuhi hii nimekuta kilo mbili za unga wa wimbi zimefungwa kwenye karatasi juu ya begi langu. Matatu ya Migori inaondoka saa nane. Karen itangoja.