Tuketi Kwanza Tuhesabu



Ninawaandikia kutoka Njombe. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya jambo jingine, lakini nimeliweka kando kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja ofisini kwangu Jumatatu ya juma lililopita, na kwa sababu ya neno alilonijibu.

Mama huyu ni mjane, mwanajumuiya mwaminifu, na ni miongoni mwa wale akina mama wa WAWATA wanaofua vitambaa vya altare bila kukumbushwa na mtu. Alikuja kuniomba baraka. Alikuwa ameafikiana na mfanyabiashara mmoja wa mbao kumwuzia miti yake ya misindano, nusu ekari, aliyoipanda mwaka aliofariki mumewe. Miti hiyo ina miaka minane. Ninyi wenyeji wa huku mnajua kwamba msindano wa miaka minane bado haujawa mbao. Anayeuuza leo huuza kwa bei ya nguzo na kuni. Lakini alihitaji shilingi laki nane kabla ya Jumamosi, ili alipie kifurushi cha kujiunga na biashara ya mtandao inayouza dawa za lishe. Binti yake yuko mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi, na ada haingoji miti ikue. Alikuwa ameambiwa kwamba baada ya miezi sita atakuwa anapokea kila mwezi zaidi ya ada ya mwaka mzima.

Nikamwuliza, "Mama, watu hawa umewafahamu wapi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Baba, si wewe uliyewakaribisha ukumbini?"

Ndugu zangu, ni kweli. Miaka miwili iliyopita alinijia kijana mmoja aliyewahi kutumikia altareni, akiwa amevaa suti, akaomba ukumbi wa parokia kwa semina ya afya na ujasiriamali. Nilifurahi kumwona amefanikiwa. Sikuuliza kampuni yake inauza nini, wala inamlipa nani kwa kazi gani. Walilipa ada ya ukumbi, shilingi elfu sabini, nami nikalisoma tangazo lao mwishoni mwa Misa ya pili, kati ya tangazo la ndoa na tangazo la mafundisho ya kipaimara. Sikusema kwamba jambo hilo ni jema. Nilisoma tu. Lakini mwamini aliyeketi benchi la nyuma anasikia sauti moja: ile iliyosoma Injili ndiyo iliyosoma tangazo.

Baada ya semina ile kijana alinishauri nijiunge na mimi. Nilimweleza kwamba Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 286, inamkataza kleri kufanya biashara, yeye mwenyewe au kwa kupitia watu wengine, pasipo ruhusa ya mamlaka halali ya Kanisa. Akajibu upesi, "Basi, Padre, tumwandikishe dada yako." Nilicheka, nikakataa, nikadhani nimetimiza wajibu wangu. Leo naona kwamba nilijilinda mimi mwenyewe, nikawaacha kondoo.

Kwa hiyo Jumatatu ile sikutoa baraka. Nilimwomba mama amwambie mnunuzi wa miti asubiri, nami nikaahidi kwamba Jumamosi tutakwenda pamoja Makambako kwenye semina yao, tukasikilize kwa masikio yetu.

Makambako ni kilomita zipatazo sitini kutoka hapa, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea inakutana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Kila kinachosafiri kinapumzika Makambako: mahindi, mbao, viazi, na maneno pia. Ukumbi ulikuwa karibu na stendi, tukakuta watu kama sitini. Sikuvaa kola, nilitaka kusikia yanayosemwa padre asipokuwapo.

Msemaji aliongea kwa saa mbili. Dawa zenyewe alizizungumzia kwa robo saa. Muda uliobaki ulikuwa wa picha za magari na nyumba, na shuhuda za watu walioacha ualimu na uuguzi wakapata uhuru wa kifedha. Kisha tukagawiwa karatasi, tukaambiwa kila mmoja aandike majina mia moja. Anzeni na ndugu, akasema, halafu majirani, halafu wanajumuiya na wanakwaya wenzenu. Na mtu akikwama, afungue daftari la rambirambi la msiba wake wa mwisho, kwa maana wale waliokuja kumzika mpendwa wako hawawezi kukunyima dakika kumi.

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshaandika majina kumi na mawili. Niliyafahamu yote. Ni watu waliolala nje kwenye baridi ya mwezi wa saba, usiku tulipokesha na mwili wa mumewe.

Uliporuhusiwa muda wa maswali nilinyosha mkono. Nikauliza: kati ya fedha ulizopata mwaka jana, ni kiasi gani kilitoka kwa watu walionunua dawa ili wazitumie tu, bila kujiunga? Msemaji akatabasamu, akasema, "Mzee wangu, maswali ya namna hiyo ndiyo yanayowafanya watu wafe maskini." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na muda wa maswali ukaisha.

Tuliketi katika mgahawa mmoja, tukaagiza chai na chapati, nami nikageuza bahasha ya mama nikaandika nyuma yake. Tulikuwa tumeambiwa kwamba kila mtu ataleta watano tu. Basi tukahesabu. Watano wanaleta 25. Hao wanaleta 125, kisha 625, kisha 3,125. Safu ya sita ni 15,625, ya saba 78,125, ya nane 390,625. Safu ya tisa inahitaji watu 1,953,125, na sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa mzima wa Njombe ukiwa na watu wasiofika laki tisa, pamoja na watoto wachanga na wazee. Ukijumlisha safu kumi na moja unapata zaidi ya watu milioni 61, yaani karibu Watanzania wote waliohesabiwa mwaka huo. Safu ya kumi na mbili haina mahali pa kutoka.

Mama alitazama tarakimu zile kwa muda mrefu. Akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Baba, na hawa wa chini kabisa, ni wengi kiasi gani?" Tukahesabu tena. Kila safu ikijaa, wale wa safu ya mwisho, ambao hawana mtu chini yao, ni wanne katika kila watano. Hakuna bidii inayoweza kubadili hesabu hiyo. Ikiwa fedha zinatokana na viingilio, watu wanne wamepoteza ili mmoja apate, na wanne hao ni wale waliomo katika karatasi zetu.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2009, nikiwa bado frateri, nchi nzima ilizungumza habari za DECI. Watu walisema wanapanda na kuvuna. Ukiweka fedha, ukirudi baada ya miezi michache unapata zaidi ya ulichoweka. Waliokuwa wakiiongoza walikuwemo wachungaji, na lugha yake ilikuwa ya shambani na ya kanisani, ndiyo maana ilisadikika. Kaka yangu mkubwa alipanda, akavuna mara moja, kisha akapanda yote aliyovuna pamoja na fedha za mbolea. Serikali ilipoingilia kati mwaka ule, akaunti zilizuiwa, na viongozi wakafikishwa mahakamani kwa kuendesha upatu ulio kinyume cha sheria na kupokea amana za watu bila leseni. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi yao. Kaka yangu hakurudishiwa kitu. Lakini lililomuumiza zaidi, kama alivyoniambia, si fedha zake. Ni kwamba alimshawishi baba mkwe.

Hapa niseme jambo moja kwa haki. Upatu wa akina mama, ambapo watu kumi wanachanga sawa na kila mmoja anapokea kwa zamu yake, ni jambo jema: hakuna anayetoka na zaidi ya alichochanga, na hakuna anayelazimika kuleta mtu mpya ili alipwe. Vilevile si kila biashara ya mtandao ni haramu. Mtu anayenunua bidhaa halali kwa bei ya haki na kumwuzia jirani anayeihitaji ni mchuuzi kama wachuuzi wengine, na mchuuzi anastahili faida yake. Kinachokatazwa ni kuifanya bidhaa kuwa pazia, na nyuma ya pazia fedha ya mgeni ndiyo inayomlipa mwenyeji.

Tutatofautishaje? Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kabla ya yote huketi akahesabu kama anazo gharama za kuumaliza. Nami nawaomba mketi na kuuliza maswali machache. Je, kama kuandikisha watu kungekatazwa kuanzia kesho, biashara hii ingeendelea? Je, jirani asiyejiunga angeinunua chupa hii kwa bei hii? Mzigo usiouzika nitaurudisha kwa nani, na nimepewa ahadi hiyo kwa maandishi? Nitapaswa kununua kiasi gani kila mwezi ili nisipoteze daraja langu? Je, dawa imesajiliwa na mamlaka zinazohusika, au mtu ananiambia inatibu kisukari na shinikizo la damu kwa ushuhuda tu? Wakikuonyesha cheti cha BRELA, kumbuka kwamba cheti hicho kinathibitisha kuwa kampuni imesajiliwa. Hakithibitishi kwamba biashara yake ni ya haki, wala si leseni ya kupokea amana. Mwisho, kwa nini ni lazima nilipe kabla ya Jumamosi? Jambo jema huwa bado ni jema Jumatatu.

Lakini kwetu sisi waamini liko swali la kabla ya hayo yote, nalo ni hili: majina yaliyomo katika orodha yangu ni ya nani? Katekisimu ya Kanisa, namba 2409, inapofafanua amri ya saba, inatufundisha kwamba mtu anaweza kuivunja hata pale ambapo sheria ya nchi haijamgusa, na inawataja wanaojipatia faida kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzao. Watu wanaokuja kwenye msiba wako wamekupa imani yao. Waliitoa bure, usiku, kwenye baridi. Ukiichukua imani hiyo ukaiuza kwa pointi, hata kama hukukusudia ubaya, umetumia kitu ambacho si mali yako. Na mimi padre ninayo orodha ndefu kuliko nyote, tangu daftari la ubatizo hadi la mazishi. Ndiyo maana walinihitaji mapema.

Wakati wa kurudi, garini, mama aliichana ile karatasi ya majina vipande vidogo, akavitia mfukoni ili asichafue gari. Miti haijauzwa. Lakini nisiwadanganye kwamba hadithi imeisha vizuri. Ada ya binti bado haijapatikana. Atakopa sehemu yake katika VICOBA vyao, na sehemu nyingine bado sisi sote hatujui itatoka wapi. Aliniambia kwa upole, "Baba, umenionyesha shimo, nakushukuru. Sasa nionyeshe na njia." Sikuwa na jibu, na ninalibeba neno hilo hadi leo.

Jumapili ijayo, wakati wa matangazo, nitawaomba radhi mbele ya altare, kwa sababu kosa lilitokea hapo. Wako wazee wawili ninaowafahamu ambao bado wana maboksi ya chupa chini ya vitanda vyao tangu semina ile, na huenda wako wengine wanaoona haya kusema. Tafadhali njoni ofisini, hakuna atakayecheka. Zile shilingi elfu sabini za ukumbi nitazitoa mfukoni mwangu ziwe mwanzo wa mfuko mdogo wa karo, na nimeiomba halmashauri ya walei ikutane ili tuone jumuiya zetu zinaweza kuongeza nini. Aidha, kuanzia sasa hakuna tangazo la biashara litakalosomwa kanisani kwetu kabla halmashauri haijaketi ikahesabu.

Mwombeeni na yule kijana wa suti. Naye ana mtu juu yake anayemdai, na nina wasiwasi kwamba ana chupa nyingi kuliko wote. Nimempigia simu, nikamwambia mlango uko wazi.

Mwenyezi Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu.

Ni mimi paroko wenu.