Timboroa: Baridi Ndiyo Inayochagua Samaki

Ukisafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret, utajua umekaribia Timboroa kabla hujaona kibao. Abiria aliyefungua dirisha la matatu atalifunga bila kuambiwa. Hapo umetoka tu kuvuka Ikweta, mstari ambao wengi hudhani ni wa joto kali, na tayari unaona watoto wenye makoti na kofia za sufu wakichunga kondoo kando ya mashamba ya viazi. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 hupanda hapa karibu na stesheni hadi futi 9,136 juu ya usawa wa bahari.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapelekea watoto wa dada yangu zawadi huku: tangi la kioo, samaki wawili wa dhahabu na gapi sita wenye mikia ya rangi. Jioni hiyo hiyo kila samaki akapewa jina. Kulipokucha, gapi wanne walikuwa wakielea. Siku ya tatu wale wawili waliosalia hawakuonekana kabisa, na samaki wa dhahabu walikuwa wameshiba. Kitinda mimba akaniuliza, "Mjomba, uliwaleta wafe?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na nakupa kabla hujatia mkono mfukoni. Jiulize maswali matatu.

La kwanza ni baridi. Gapi hutaka maji ya nyuzi 22 au zaidi. Hata ngege wetu wa ziwani hususia chakula maji yakishuka chini ya nyuzi 16 hivi. Usitegemee kifaa cha umeme cha kupasha maji, kwa maana stima ikipotea usiku mmoja tu, asubuhi ni msiba. Samaki wa dhahabu, aliyefugwa Uchina kwa zaidi ya miaka elfu moja, huishi vyema katika maji yasiyopashwa moto. Maji yakipoa sana, mpunguzie chakula.

La pili ni mwendo. Samaki wa dhahabu mwembamba ana mbio. Yule mnene mwenye mkia wa mapacha hujikokota. Ukiwaweka pamoja, mwembamba atamaliza chakula mwenzake akiwa bado njiani. Chagua wa umbo moja.

La tatu ni mdomo. Samaki anayeweza kuingia mdomoni mwa mwenzake, siku moja ataingia. Wala usidanganywe na koi kwa kuwa ni mdogo leo. Hukua kupita nusu mita, na makao yake ni bwawa.

Kuna jambo jingine la nyanda za juu. Hewa huku ni nyepesi, hivyo maji ya Timboroa hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo kuliko maji ya baridi hiyo hiyo kule Mombasa. Basi usiwasonge. Samaki wawili wanene watosheke na tangi la lita 80, yaani mitungi minne ya lita 20, lenye chujio na pampu ya hewa. Maji ya mfereji yenye dawa yalaze siku nzima kwanza. Ukifika na samaki ndani ya mfuko, uache uelee tangini kwa dakika 20 ndipo uwafungulie.

Ukichoka nao, usiwamwage mtoni. Sangara alipoingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, aina nyingi za samaki wadogo waliopatikana humo pekee ziliangamia. Kosa la kuchanganya samaki wasiopatana halikuanzia kwenye tangi langu.

Nilirudi Timboroa baadaye na samaki mmoja tu wa dhahabu, mnene kama wale wawili waliosalia, pamoja na tangi kubwa zaidi. Kitinda mimba aliwatazama watatu hao kwa muda mrefu, akakataa kuwapa majina. Juma la tatu dada yangu akanipigia simu: majina yalikuwa yamepatikana.

Nawe ukipita huku, beba sweta. Ukibeba samaki, hakikisha naye amezaliwa na yake.