Arobaini Yetu ya Bahati

Tulipokwenda Bahati, juu kidogo ya mji wa Nakuru, hatukukusudia matembezi. Binti yetu alikuwa amejifungua, nasi pamoja na mama yake tukapanda kutoka Mombasa kumlea arobaini yake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri anuiaye kukaa siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, huondokewa na ruhusa ya kupunguza Swala, amekuwa mkaazi. Basi tuliswali kamili tangu mwanzo. Lakini ukaazi wa moyo ulichelewa.

Baridi ya Julai ilitushinda. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na Bahati yazidi kupanda kuelekea msituni. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya mahindi na viazi. Hata jua lilitutia adabu: huko huchelewa kuchwa kuliko Mombasa kwa robo saa na zaidi. Alhamisi tuliyofunga sunna, ratiba yetu ya Pwani ingalitufuturisha jua lingali juu.

Lililokuwa zito zaidi ni mlango. Tulikumbuka damu iliyomwagika Nakuru mwanzoni mwa 2008, tukaufunga. Jirani, bibi mzee ambaye wote humwita Shosho, akabisha na sufuria ya uji. Tukapokea, tukashukuru, wala hatukumkaribisha ndani. Kesho yake akarudi na kuku hai, miguu imefungwa kamba.

"Sheikh, nimeambiwa nyinyi hula tu kile mmechinja wenyewe. Huyu mama anahitaji supu."

Tuliona haya. Sisi ndio tufundishao kwamba Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi apate kuwakumbuka majirani, na aliyetukumbuka kwanza ni Shosho. Jioni ile mama watoto alimpelekea supu na mahamri, akaketi jikoni kwake, akafunzwa kuponda mukimo. Tangu hapo mlango wetu haukufungwa ila kwa baridi.

Enyi mama zetu, wengi wetu tuna watoto waliohamia bara kwa kazi na ndoa. Mkienda kuwaona, jueni kuwa ukaazi wa Swala huthibiti kwa nia, ama ukaazi wa ujirani huanza siku mnaposema, "Karibu ndani."

Wabillahi tawfiq.