Wali wa Wageni Huko Shelui

Tulitoka Singida mjini alfajiri, akina mama watano wa kundi la kuwatembelea wagonjwa. Tuliliacha nyuma ziwa Singidani na mawe yake makubwa. Kando ya barabara tuliona alizeti, mtama na uwele, mazao yanayostahimili nchi yenye msimu mmoja wa mvua, milimita 500 hadi 800 tu kwa mwaka. Haya ndiyo yaliyowalea Wanyaturu na Wanyiramba: ugali wa uwele, mlenda, maziwa na, siku ikiwa njema, kuku wa kienyeji.

Ukishapita Misigiri, barabara inateremka mlima Sekenke na nchi inabadilika. Chini kuna bonde la Wembere, tambarare yenye udongo mzito unaoshika maji. Wakulima hutengeneza majaruba, wakazuia maji ya mvua na kupanda mpunga. Huko ndiko iliko Shelui, na ndiko tulikokuwa tunakwenda.

Mwenyeji wetu, mama wa makamo, alitupokea kwa vigelegele. Wakati wa chakula cha mchana alifunua sufuria, na harufu nzuri ikajaa nyumba nzima. Punje zilikuwa ndefu na nyembamba, wala hazikushikana.

"Ni basmati," alisema kwa furaha. "Wageni kama ninyi siwezi kuwapa mchele wa shambani."

Tulitazamana. Magunia ya mpunga wake mwenyewe yalikuwa yamepangwa kwenye kona ya chumba kile kile. Tulikuja kujua kwamba aliuza debe mbili za mpunga huo ili amtume kijana mjini kununua mchele uliotoka ng'ambo.

Tusimcheke, maana sote tumekua tukijua kwamba wali ni chakula cha heshima. Huliwa Krismasi, Pasaka, kwenye kipaimara na arusi. Mtoto akinusa harufu ya wali siku ya kazi, huuliza ni mgeni gani anakuja. Hata huko unakotoka, mchele wa basmati una heshima yake. Hulimwa chini ya milima ya Himalaya, India na Pakistani, na jina lake lina maana ya harufu nzuri. Wahindu wengi hufanya sherehe mtoto anapolishwa wali kwa mara ya kwanza, akiwa na miezi 6 hivi. Kwetu Afrika Mashariki tumeuzoea katika biriani na pilau ya arusi.

Lililotushtua lilikuwa jambo jingine. Mama yule alijipakulia sahani iliyojaa, akaongeza tena. Mmoja wetu alikumbuka kwamba ana ugonjwa wa kisukari, akamwuliza kwa upole.

"Dada nesi, huu sina wasiwasi nao," alijibu. "Nimeambiwa ni mchele wa watu wa sukari. Hata vidonge nimevipumzisha."

Saa mbili baada ya chakula tulimpima. Kipimo kilisoma 19, yaani karibu mara mbili ya kiasi tunachowaombea wagonjwa wa kisukari wasikivuke baada ya kula. Miguu yake ilikuwa inakufa ganzi, naye alidhani ni uchovu wa shamba. Hatukulala huko kama tulivyopanga. Jioni ile tulimsindikiza hospitali, akarudishiwa dawa.

Akina mama wapendwa, aliyemweleza alikuwa na nusu ya ukweli. Basmati ina wanga mwingi wa aina ya amilosi, ambao husagwa taratibu tumboni. Kwa sababu hiyo sukari ya damu hupanda polepole kuliko kwa aina nyingi za mchele mweupe. Lakini kupanda polepole si kutopanda. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa, uwe wa basmati au wa Wembere, kina gramu 45 hivi za wanga. Sahani mbili zilizojaa humwumiza mgonjwa hata kama mchele umetoka Himalaya. Na hakuna mchele unaochukua nafasi ya dawa.

Basi tufanyeje? Kwanza, nusu ya sahani iwe mboga: mlenda, majani ya kunde, mchicha. Robo iwe wali au ugali, na robo nyingine iwe maharage, kuku au dagaa. Pili, tusiudharau uwele. Uwele usiokobolewa una nyuzinyuzi na madini ya chuma kuliko mchele mweupe, nayo madini hayo ni muhimu kwa mama mjamzito. Hata hivyo ugali wake nao ni wanga, upimwe vivyo hivyo. Tatu, mchele usikobolewe mpaka uwe mweupe kabisa, kwa sababu vitamini B nyingi huondoka na pumba. Nne, wali uliobaki usilale mezani. Ufunikwe, uwekwe mahali pa baridi haraka, na usipohifadhika vizuri usipewe mtoto asubuhi. Kuna vijidudu vya wali vinavyoacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Baada ya mavuno yaliyofuata tulipita tena Shelui. Mama yule alitutengea ugali wa uwele na mlenda. Pembeni aliweka bakuli dogo la wali wa mpunga wake, unaonukia vizuri kabisa. Kabla ya kunawa alituonyesha daftari lake la kliniki, namba zimeshuka hadi 8 na 9. Alipakua wali kidogo, akafunika bakuli.

"Leo nimewapa wa shambani," alisema. "Mtanisamehe?"

Tulikula, tukamwomba atufungashie kilo mbili mbili za kwenda nazo nyumbani. Naye hakukubali tulipe.