Je, Mpagazi Hakufanya Kazi?

Fizikia ina jibu moja linalowaudhi wanafunzi wengi: mtu akibeba mzigo kichwani na kutembea kwa mwendo usiobadilika kwenye njia tambarare, kazi anayoufanyia mzigo huo ni sifuri. Sisi wa Tabora tuna sababu zaidi ya kuudhika, maana mji wetu ulikua kwa miguu ya wabeba mizigo.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka hapa na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliotembea kwa ujira; wengine walipita njia hiyo wakiwa watumwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Kilo hizo ni tungamo, kiasi kisicho na mwelekeo, yaani skala. Uzito ni jambo jingine: ni kani ya dunia kuuvuta mzigo, nyutoni 320 hivi, na mwelekeo wake ni chini. Hiyo ni vekta.

Kazi hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali uliopitiwa katika mwelekeo wa kani hiyo. Mpagazi anauzuia mzigo kwa kani inayoelekea juu, na safari inaelekea mbele. Vekta hizo zinakutana kwa pembe mraba, ndiyo maana jibu ni sifuri. Tena Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika pwani, mzigo umeshuka, na uvutano wa dunia ndio uliofanya kazi: kama jouli 384,000, nishati isiyofikia ile ya konzi moja ya unga wa mahindi.

Mwili una hesabu yake. Misuli hukaza na kulegea mfululizo, ikitumia chakula na kutoa joto, hata mzigo usipopanda. Fizikia haijakosea. Imeulizwa mzigo umepata nishati kiasi gani, haikuulizwa habari za mbebaji. Aristotle anatufundisha kuchunguza neno moja linapobeba maana zaidi ya moja, na “kazi” ni neno la namna hiyo.

Hatari ni kuichukua sifuri ya mzigo na kumpa mtu. Nimesikia mara nyingi: “Mama yako anafanya kazi gani?” “Hana kazi, yuko nyumbani tu.” Mama huyo asubuhi amebeba ndoo ya lita 20, nyutoni 200 kichwani. Papa Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na kuwa anayeifanya ni mtu.

Injili ya Marko inamtaja Simoni Mkirene kwa jina, pamoja na wanawe wawili, wala haisemi msalaba ulikuwa na uzito gani. Kwa wapagazi wetu mambo yalikuwa kinyume: frasila zilihesabiwa, majina ya wengi hayakuandikwa. Basi tukiulizwa mama anafanya kazi gani, tuitaje kazi yake.